LeBlanc alikuwa mwalimu akawa mbunge: njia yake bado ipo?

Swali:

"Nilifundisha sekondari Bukavu kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Moncton, Kanada, na sasa nafundisha tena huku, kwenye shule ya Kifaransa. Mwaka jana nilipata uraia. Uwanja wa ndege wa mji huu una jina la Roméo LeBlanc, na watu wa chama kimoja wananiambia: 'Huyo alikuwa mwalimu kama wewe, mtu wa lugha ya wachache kama wewe, akatoka darasani akaingia Bungeni, akaishia kuwa mkuu wa nchi. Gombea!' Mwenzangu kazini anacheka. Anasema LeBlanc alipewa vyeo na marafiki zake na ualimu wake ni mapambo ya wasifu tu. Nani kati yao anasema kweli? Na njia hiyo ipo kwa mtu kama mimi, mwenye watoto watatu na asiyeweza kuuchezea mshahara?"

Jibu:

Mwalimu mwenzangu, kila mmoja wao amekupa kipande cha ukweli na kukificha kingine. Watu wa chama wameruka miaka 13 ya maisha ya LeBlanc. Mwenzako wa kazini amesahau kwamba wapiga kura walimchagua mara nne. Lakini nadhani historia siyo inayokukosesha usingizi. Unaogopa kutumiwa, uwe sura ya wahamiaji kwenye bango la kampeni, kisha uchaguzi ukiisha ubaki bila kiti na bila kazi. Hofu hiyo ni ya haki, na maisha ya LeBlanc yanaweza kukusaidia kuipima ukiyasoma bila kuyaremba.

Kwanza nisawazishe mambo mawili madogo. LeBlanc hakuwa mkuu wa nchi. Alikuwa Gavana Mkuu, yaani mwakilishi wa Malkia Elizabeth wa Pili nchini Kanada, kuanzia Februari 1995 hadi Oktoba 1999, na Gavana Mkuu hapigiwi kura na mtu yeyote. Pili, hakuwa Mfaransa wa Quebec. Alikuwa Mwakadia, na usipoielewa tofauti hiyo hutaelewa kwa nini ualimu ulimfikisha popote.

Wakadia ni wazao wa Wafaransa walioanza kufika pwani ya Atlantiki mwaka 1604, katika maeneo ambayo leo ni mikoa ya Nova Scotia, New Brunswick (mkoa wako) na Kisiwa cha Prince Edward. Kwa mkataba wa Utrecht wa 1713 Ufaransa iliikabidhi Uingereza sehemu kubwa ya nchi yao. Mwaka 1755 utawala wa Kiingereza ukaanza kuwakamata, kuchoma nyumba zao na kuwapakia melini, na hadi 1763 zaidi ya 10,000 walikuwa wameondolewa. Waliorudi baadaye walikuta mashamba yao ya zamani yana wenyewe. Wakajibanza pembezoni, kwenye fukwe zenye ardhi duni, wakiishi kwa uvuvi na viazi. Kwa zaidi ya miaka mia hawakuwa na chuo, wala gazeti, wala mtu wao katika Bunge la Kanada.

Watu waliofungiwa milango ya biashara kubwa na ya serikali hupenya kwenye upenyo uliobaki. Kwa Wakadia upenyo ulikuwa shule na kanisa. Mwaka 1864 padri Camille Lefebvre alifungua chuo cha Saint-Joseph pale Memramcook, mwendo mfupi kwa gari kutoka unapoishi. Chuo hicho kilitoa mapadri, walimu, wanasheria na madaktari waliokuja kuwa viongozi wa Wakadia kwa vizazi kadhaa. Mkutano mkuu wa kwanza wa Wakadia, wa 1881, ulifanyika hapohapo, na ndio uliochagua tarehe 15 Agosti, Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria, kuwa sikukuu ya taifa lao. Kijijini, mwalimu ndiye aliyejua kuandika barua kwa serikali na kusoma majibu yake. Ndiye pia aliyejua Kiingereza cha kutosha kwenda ofisini na kurudi na jibu. Hiyo ni kazi ya mbunge hata kabla ya uchaguzi kuitishwa.

Kwa hiyo LeBlanc hakuwa wa kwanza kupita hapo. Stanislas-François Perry wa Kisiwa cha Prince Edward alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuingia bunge la kisiwa chake mwaka 1854, na mwaka 1874 akaingia Bunge la Kanada. Alizaliwa Poirier. Jina la Perry ni lile lile lililovalishwa Kiingereza, na hilo peke yake linakuonyesha bei ya kuingia ilikuwa kiasi gani zamani hizo. Calixte Savoie, mwalimu mwingine, aliteuliwa seneta mwaka 1955. Rose-Marie Losier-Cool, aliyefundisha Bathurst, aliitwa Seneti Machi 1995, na hati za uteuzi wakati huo zilitolewa kwa jina la Gavana Mkuu, ambaye ni huyu huyu LeBlanc. Njia ilikwisha kupitwa na wengi, kwa maana hiyo watu wa chama hawakukudanganya.

Sasa tuje kwa LeBlanc mwenyewe. Alizaliwa Desemba 1927 Memramcook, akasoma Saint-Joseph, akapata shahada ya kwanza kisha ya ualimu mwaka 1951. Alifundisha shule huko Drummond, kaskazini-magharibi mwa New Brunswick, kwa miaka miwili. Akaenda Paris kusoma zaidi. Aliporudi alifundisha chuo cha ualimu cha Fredericton kuanzia 1955 hadi 1959. Ukijumlisha, alisimama mbele ya wanafunzi takriban miaka sita, na sehemu kubwa ya hiyo aliwafundisha watu waliokuwa wanajiandaa kuwa walimu. Mwenzako anayesema hakuwa mwalimu wa kweli anamwonea.

Lakini mwaka 1959 aliliacha darasa na hakuingia Bungeni hadi 1972. Watu wa chama hawakukusimulia kipindi hicho, nacho kwangu ndicho chenye jibu la swali lako. Aliajiriwa na Radio-Canada, shirika la utangazaji la umma kwa Kifaransa, akawa mwandishi wa habari, kwanza Ottawa, kisha London, kisha Washington. Mwaka 1967 akawa msemaji wa Waziri Mkuu Lester Pearson, na Pearson alipoondoka mwaka uliofuata akabaki kuwa msemaji wa mrithi wake, Pierre Trudeau, hadi 1971. Fikiria alichojifunza hapo. Mbunge mpya hutumia miaka yake ya mwanzo kutafuta mlango wa kugonga ili jambo lifanyike. LeBlanc aliijua milango yote kabla hajagombea, kwa sababu alishaketi upande wa ndani.

Kisha akarudi nyumbani. Watu hulipita hili haraka. Mwaka 1971 aliondoka ofisi ya Waziri Mkuu akaenda kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Moncton, kama msaidizi wa mkuu wa chuo na msimamizi wa mahusiano ya umma. Chuo hicho kilikuwa kichanga, kimeanzishwa 1963 wakati wa serikali ya Louis Robichaud, Mwakadia wa kwanza kushinda uchaguzi na kuwa waziri mkuu wa New Brunswick. Robichaud ndiye pia aliyewaondolea halmashauri za kaunti mzigo wa shule na afya na kuupeleka kwa serikali ya mkoa. Kabla ya hapo mtoto wa kaunti maskini alipata shule maskini kwa sababu tu majirani zake walikuwa maskini, na kaunti maskini nyingi zilikuwa za Wakadia. Mwaka 1969 New Brunswick ikapitisha sheria ya lugha rasmi mbili. LeBlanc, basi, aligombea mwaka 1972 akiwa na maji yanayomsukuma: watu wake walikuwa wameshajenga chuo kikuu na kupata sheria ya lugha, na walikuwa wamezoea kumwona mmoja wao madarakani. Mwenye kukuambia kwamba alifika kwa juhudi zake peke yake anakunyima nusu ya hesabu.

Uchaguzi wa Oktoba 1972 ulikuwa mgumu kwa chama chake cha Kiliberali, kilichopata viti 109 dhidi ya 107 vya chama cha Progressive Conservative. LeBlanc alishinda jimbo la Westmorland–Kent, akalishinda tena 1974, 1979 na 1980. Kwa mtu anayedaiwa kubebwa na marafiki, hiyo si rekodi ya kubezwa.

Agosti 1974 Trudeau alimpa uvuvi. Wizara hiyo haikuwa na heshima kubwa Ottawa. Kwa Wakadia wa pwani, hata hivyo, uvuvi ni chakula na ada za shule. Hapa niruhusu nikae kidogo, maana hii ndiyo sababu jina lake lipo kwenye ule uwanja wa ndege.

Miaka hiyo meli kubwa za Ulaya na za Urusi ya Kisovieti zilikuwa zikivuna samaki karibu kabisa na pwani ya Kanada. Mwaka 1975 LeBlanc alizifungia meli za Kisovieti bandari za Atlantiki, kwa sababu zilivua kupita kiasi walichokubaliana. Kisha, tarehe 1 Januari 1977, Kanada ikatanua mamlaka yake ya uvuvi hadi maili 200 za baharini, karibu kilomita 370. Na hili ni jambo ambalo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kulijua: katika mazungumzo ya kimataifa ya sheria ya bahari, waliolileta wazo la eneo maalumu la kiuchumi kwa jina hilo ni Kenya. Mwanasheria wake Frank Njenga alilitoa katika mkutano wa nchi za Asia na Afrika uliofanyika Colombo mwaka 1971, na mwaka 1972 Kenya ikawasilisha rasimu ya vifungu mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa huko Geneva. Chile, Peru na Ekuador zilikuwa zimedai maili 200 tangu 1952, ila Kenya ndiyo iliyolipa dai hilo umbo ambalo mataifa mengi yaliweza kulikubali. Mvuvi wa Cap-Pelé, kijiji cha Wakadia pwani ya New Brunswick, bila kujua, alinufaika na hoja iliyochongwa na Mkenya.

Ndani ya nchi LeBlanc alifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi. Makampuni ya kusindika samaki yalitaka kumiliki kiwanda na mashua pia. Yakifanikiwa, mvuvi anakuwa kibarua katika mashua iliyokuwa ya babake, na bei ya samaki inapangwa na mtu mmoja aliye muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja. Wizara chini ya LeBlanc ikaweka sera ya kutenganisha mashua na viwanda: katika uvuvi wa mashua ndogo, kampuni ya usindikaji isipewe leseni mpya ya kuvua. Aliwahimiza wavuvi wadogo wajipange, na chama cha wavuvi wa Maritime (yaani ile mikoa mitatu ya pwani niliyoitaja), chenye mizizi miongoni mwa Wakadia wa New Brunswick, kilianzishwa 1977. Watu wakamwita waziri wa wavuvi, si waziri wa uvuvi.

Angalia jinsi alivyofanya, kwa kuwa wengi hudhani kazi ya mbunge ni kuandika sheria tu. Sera hiyo haikuwa sheria iliyopigiwa kura Bungeni. Sheria ya Uvuvi ya Kanada humpa waziri uhuru mpana wa kutoa leseni au kuzinyima, naye aliutumia. Faida yake ni wepesi. Hasara yake ni kwamba sera ya waziri mmoja inaweza kufutwa na waziri mwingine kwa saini, na kwa miaka mingi makampuni yaliizunguka kwa mikataba ya siri na wenye leseni. Ulinzi wa kisheria ulikuja kwa mabadiliko ya 2019, kupitia muswada uliowasilishwa Bungeni Februari 2018 na waziri wa uvuvi wa wakati huo, Dominic LeBlanc. Ndiyo, mwanawe. Mwenzako wa kazini akicheka hapo, sitamzuia kucheka.

Wala tusimfanye malaika. Baada ya maili 200 kupatikana, nchi nzima ililewa matumaini. Mashua ziliongezeka, viwanda vikaongezeka, na wanasayansi wa serikali wakawahesabu samaki kupita idadi waliyokuwa nayo. Julai 1992 uvuvi wa chewa wa kaskazini ulifungwa, na takriban watu 30,000 Newfoundland wakapoteza kazi. LeBlanc alikuwa ameondoka wizarani miaka kumi kabla, na makosa mengi yalifanywa baada yake, lakini upanuzi ulianza zamani zake na shinikizo la kuwapa watu wengi ajira baharini lilipitia mezani kwake. Waziri anayewapenda wavuvi hupata shida kuwaambia samaki hawatoshi.

Sasa kuhusu kuteuliwa. Seneti ya Kanada haipigiwi kura. Kuna viti 105, kumi kati yake vya New Brunswick, na seneta hukaa hadi afike miaka 75. Waziri Mkuu hupendekeza, Gavana Mkuu huteua. LeBlanc aliingia tarehe 29 Juni 1984, siku ya mwisho mwisho ya Trudeau madarakani, katika msururu wa teuzi za kuwatunuku watu wa chama. Wananchi walikasirika. Suala hilo la teuzi lilimwumbua mrithi wa Trudeau, John Turner, kwenye mdahalo wa televisheni, na chama kikapigwa vibaya uchaguzini mwaka huo huo. Desemba 1993 LeBlanc akawa Spika wa Seneti, na karibu mwaka mmoja baadaye Waziri Mkuu Jean Chrétien akamteua Gavana Mkuu, Mwakadia wa kwanza kushika nafasi hiyo. Wapinzani walilalamika kwamba cheo cha kutopendelea upande amepewa mtu wa upande mmoja. Walikuwa na hoja. Baada ya hapo aliifanya kazi kwa utulivu. Mwaka 1996 alitangaza tarehe 21 Juni kuwa siku ya kitaifa ya watu wa asili, na akaanzisha tuzo ya kuwatambua watu wanaojitolea bila kuonekana. Akastaafu kwa sababu za afya, akafariki Juni 2009 Grande-Digue.

Hukumu yangu ni hii: vyeo vya juu kabisa alipewa, lakini yale yanayofanya akumbukwe aliyafanya akiwa na kiti cha kupigiwa kura. Mtu akikuahidi cheo cha kupewa huko mbele, usikitie kwenye mizani.

Turudi kwako. Usiulize kama mwalimu anaweza kuwa mbunge. Anaweza, wamejaa. Jiulize ni watu gani katika jimbo hilo wanakujua tayari, na wanakujua kwa jambo gani. LeBlanc alijulikana kwa sauti yake redioni na kwa ukoo wake wa Memramcook, nyumbani kwa akina LeBlanc wengi mno. Wewe huna ukoo huko. Huenda una wazazi wa wanafunzi wako, parokia yako, jumuiya ya Wakongo na Warundi mjini, na walimu wenzako. Hiyo ni mbegu, si ushindi. Kuna njia ya kati ambayo watu wa vyama huisahau kwa kuwa haiwapi mgombea: baraza la elimu la wilaya. New Brunswick ina mabaraza ya kuchaguliwa kwa shule za Kifaransa, ingawa ulize kwanza kama mwajiriwa wa wilaya anaruhusiwa kugombea katika wilaya yake. Kuna pia halmashauri ya mji, na kazi katika ofisi ya mbunge aliyepo. Hiyo ya mwisho haina sifa mtaani, lakini ndiyo iliyo karibu zaidi na miaka 13 ya LeBlanc.

Ukiamua kugombea Bunge la Kanada, masharti ya kisheria ni mepesi kuliko wanavyodhani wengi. Uwe raia mwenye miaka 18 au zaidi. Kuzaliwa kwingine si kikwazo. Katika majimbo mengi unahitaji sahihi za wapiga kura 100 wa jimbo husika. Amana ya dola 1,000 ya zamani haidaiwi tena. Mlima wenyewe upo kabla ya hapo, kwenye kura za maoni za chama, ambako anayeshinda kwa kawaida ni yule aliyeandikisha wanachama wengi na kuwafikisha ukumbini usiku wa kura. Waulize wanaokushawishi mambo haya, na utake majibu yenye majina na tarakimu: jimbo gani hasa, chama kilipata kura ngapi hapo mara ya mwisho, nani mwingine anautaka ugombea, na nani atalipia ofisi na petroli. Jimbo ambalo chama hakijawahi kulikaribia likitolewa kwa mgeni kwa tabasamu, sababu yake inaeleweka.

Kuhusu mshahara siwezi kukujibu kutoka huku mbali, na usimwamini yeyote anayekujibu bila kusoma mkataba wako. Walimu wako chini ya sheria za mkoa na mikataba yao, kwa hiyo haki ya likizo ya kugombea, iwe na malipo au bila malipo, inategemea maandishi hayo. Panga miadi ana kwa ana na mwakilishi wa chama chenu cha walimu, kisha na ofisi ya rasilimali watu ya wilaya yako. Uliza unaweza kurudi kwenye nafasi ileile ukishindwa, pensheni na bima ya watoto zinakuwaje wakati wa likizo, na kama unaruhusiwa kuendelea kufundisha wakati wa kura za maoni kabla kampeni rasmi haijaanza. Kama uraia wako wa Kongo una utata baada ya kupata wa Kanada, au una ndugu ambao faili zao za uhamiaji bado zinashughulikiwa, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla jina lako halijatoka gazetini. Lolote utakaloruhusiwa na mwajiri, lichukue kwa maandishi yenye tarehe na sahihi.